Jinsi ya kukubaliana mambo yasiyobishaniwa kabla ya shauri la hataza kusikilizwa Marekani

Katika shauri la hataza (patent, yaani haki ya kipekee juu ya uvumbuzi), mambo yanayohitaji kuthibitishwa ni mengi kuliko yanayogombaniwa kweli. Tarehe ya kuwasilishwa kwa ombi, jina la mmiliki, namba ya modeli, idadi ya bidhaa zilizouzwa: mara nyingi hakuna anayeyabisha, ila sheria inataka ushahidi. Majaji wengi wa mahakama za shirikisho za Marekani hukigawia kila upande saa zake za kuwasilisha ushahidi, na zikiisha zimeisha. Upande unaomaliza asubuhi nzima kuthibitisha kwamba hati ya hataza ni halisi unajinyima muda wa kuieleza teknolojia yenyewe mbele ya baraza la mahakama, yaani raia wasiopungua 6 na wasiozidi 12 ambao huenda hawajawahi kuisoma hataza hata moja.

Dawa yake ni hati ya mambo yaliyokubaliwa. Ni mfululizo wa sentensi ambazo pande zote mbili hutia saini, mahakama ikazipokea kuwa kweli, na shahidi hahitajiki tena kuzithibitisha. Nguvu yake ni kubwa. Mwaka 2010, katika shauri la Christian Legal Society v. Martinez, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kumpa nafasi mlalamikaji aliyetaka kuieleza sera ya chuo kwa namna tofauti na alivyokuwa ameikubali katika hati ya pamoja. Halikuwa shauri la hataza, lakini kila wakili wa hataza anapaswa kulikumbuka kabla ya kushika kalamu. Kazi hii haifai kuachwa hadi usiku wa mwisho, wala kukabidhiwa mtu asiyejua shauri limesimama juu ya nini.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa kubuni. Kuna hataza ya pampu ya maji ambayo dai lake la 1 (madai ni sentensi za hataza zinazoweka mipaka ya uvumbuzi unaolindwa) linataka pampu iwe na "valvu inayojifunga yenyewe". Mdaiwa anauza pampu iitwayo Modeli A-20. Ugomvi mkubwa ni kama kifaa kilichomo ndani ya A-20 ni valvu ya namna hiyo.

Hatua ya 1: Tenga ukweli na sheria

Hapa ndipo wengi huteleza. Pande mbili zinaweza kukubaliana juu ya yaliyotokea, lakini haziwezi kuiamulia mahakama sheria inasemaje. Mahakama ya Juu ililisema hilo tangu mwaka 1917 katika Swift & Co. v. Hocking Valley Railway. Vivyo hivyo, mamlaka ya mahakama kusikiliza shauri hayazaliwi na saini za mawakili. Unaweza kukubali kwamba mkataba wa kuhamisha hataza ulisainiwa tarehe fulani na fulani. Kama mkataba huo unampa mwenye hataza haki ya kushtaki, hilo jaji atalipima mwenyewe.

Tafsiri ya maneno ya dai ina mahali pake pa peke yake. Tangu Markman v. Westview mwaka 1996 imejulikana kwamba kazi hiyo ni ya jaji, si ya baraza. Na mwaka 1995, katika Exxon Chemical v. Lubrizol, mahakama ya rufani ya hataza, Federal Circuit, ilisema jaji ana wajibu wake mwenyewe wa kutafsiri dai na halazimiki kuchagua kati ya tafsiri za pande mbili. Mkikubaliana maana ya neno, ipelekeni mahakamani katika hati tofauti kama tafsiri mnayoipendekeza kwa pamoja. Ukiichanganya na orodha ya ukweli, unaweza kujikuta umekubali kipengele cha dai ukidhani umekubali maana ya neno tu.

Kisha kuna maswali yenye sura mbili. Kama uvumbuzi ulikuwa dhahiri kwa wataalamu wa fani ni swali la sheria, lakini limejengwa juu ya mambo ya ukweli yaliyotajwa katika Graham v. John Deere mwaka 1966: teknolojia iliyotangulia ilikuwa na nini, inatofautiana vipi na dai, kiwango cha ujuzi wa mtu wa kawaida wa fani hiyo, na dalili za nje kama mafanikio sokoni. Haya yote yanakubalika moja moja bila kugusa hitimisho. Kusema "makala hii ilichapishwa Mei 2009" ni jambo moja. Kusema "makala hii inaonyesha vipengele vyote vya dai la 1" ni kuikabidhi hataza nzima.

Hatua ya 2: Chora jedwali la vipengele

Chukua kila dai la hataza linalobishaniwa, livunje kipengele kwa kipengele, na kila kipengele kipe mstari wake. Ongeza mstari kwa kila utetezi wa mdaiwa na kila sehemu ya fidia. Mbele ya kila mstari andika moja kati ya haya matatu: tunabisha, hatubishi, hatubishi kwa masharti. Safu ya tatu ndiyo itakayokula muda wako, na ndiyo yenye faida.

Machimbo mazuri ya kuijaza safu ya pili ni ripoti za mashahidi wataalamu. Zisome zote mbili ubavu kwa ubavu. Mara nyingi wataalamu wanaopingana vikali kuhusu valvu wanaeleza kwa maneno yanayofanana jinsi injini ya pampu inavyozunguka, maji yanapoingia na yanapotokea. Sehemu hizo zichukue. Lakini kabla hujaandika "hatubishi", muulize mtaalamu wako kama kukubali kipengele hicho kutamnyang'anya hoja anayoihitaji mahali pengine. Mdaiwa anayekubali kwamba chemba ya A-20 ni "chemba ya shinikizo" ili apunguze kazi anaweza kugundua kwamba chemba ileile ipo katika mashine ya zamani anayoitegemea kuibatilisha hataza. Hapo amefaidika. Ingeweza pia kuwa kinyume chake.

Hatua ya 3: Maliza yale mepesi kwanza

Majina ya wahusika, namba ya hataza, tarehe ya ombi na ya kutolewa, majina ya wavumbuzi, mlolongo wa umiliki, uhalisi wa nyaraka zilizotoka katika mafaili ya kila upande. Haya yanaweza kwisha kwa kikao kimoja, na yakiisha huleta hali ya kuaminiana itakayohitajika huko mbele.

Hatua ya 4: Andika sentensi isiyovuja

Sentensi moja ibebe jambo moja. Itaje kitu gani, kilikuwa vipi, lini, na ushahidi wake uko wapi. Itumie maneno ya uhandisi au ya biashara, na ijiepushe na maneno ya dai la hataza kwa kadiri inavyowezekana.

Tazama sentensi hii: "Pampu za mdaiwa zina valvu inayojifunga yenyewe." Ni fupi na inasomeka vizuri, ila imemaliza shauri. Haisemi pampu zipi, haisemi za mwaka gani, na imeazima maneno ya dai la 1 bila kusema kama yana maana ya kawaida au maana aliyoitoa jaji.

Sasa tazama hii: "Modeli A-20, kama ilivyouzwa Marekani kati ya 1 Machi 2019 na 30 Juni 2023, ina sehemu iliyoandikwa namba 14 katika mchoro wa uhandisi ulio kielelezo cha 31. Sehemu hiyo huziba njia ya maji shinikizo linaposhuka. Mdaiwa anaendelea kubisha kwamba sehemu namba 14 ni valvu inayojifunga yenyewe kwa mujibu wa dai la 1." Mwenye hataza amepata alichohitaji: hana haja ya kumwita mhandisi wa mdaiwa aje kueleza sehemu ile inafanya nini. Mdaiwa naye hajapoteza chochote alichokuwa akikipigania.

Pale ambapo unakubali kipengele chenyewe, kifunge kwenye tafsiri ya mahakama. Andika kwamba "chini ya tafsiri iliyotolewa na mahakama tarehe fulani, mdaiwa habishi kwamba A-20 ina kipengele hiki", kisha ongeza kwamba haki ya kuikatia rufani tafsiri hiyo imehifadhiwa. Bila maneno hayo, tafsiri ikibadilishwa huko juu, upande wa pili utasema ukiri wako ulikuwa wa jumla.

Epuka vivumishi. "Muhimu", "kwa kiasi kikubwa", "mara moja", "inayofanana": kila kimoja ni mlango wa ugomvi mpya. Epuka pia "pande zinakubali kwamba shahidi fulani alisema". Hilo linathibitisha kwamba alisema, halithibitishi kwamba alichosema ni kweli, na siku ya kusikilizwa shauri mtabishana tena ni lipi kati ya hayo mawili mliloliafiki.

Kila sentensi iwe na kielelezo chake pembeni katika rasimu, hata kama safu hiyo itaondolewa kabla hati haijafika kwa baraza. Mali bila daftari hupotea bila habari: wiki sita baadaye, mtu akiuliza tarehe ile ya mauzo ilitoka wapi, uwe na jibu.

Hatua ya 5: Pima tarehe kwa uangalifu wa pekee

Tarehe huonekana kama mambo yasiyo na hatari. Kwenye hataza ni kinyume. Maombi yaliyowasilishwa kuanzia 16 Machi 2013 yanapimwa kwa utaratibu wa anayetangulia kuwasilisha, ilhali mengi ya kabla yake yanapimwa kwa utaratibu wa anayetangulia kuvumbua. Mdaiwa anayekubali kwamba hataza yote inanufaika na tarehe ya ombi la awali la muda (linalowasilishwa kabla ya ombi kamili) anaweza kuwa ameitupa nje makala iliyochapishwa kati ya ombi hilo na ombi kamili, na huenda makala hiyo ndiyo silaha yake bora. Zaidi ya hapo, ombi la awali linaweza kuwa na maelezo yanayotosheleza dai la 1 lakini si dai la 7. Kwa hiyo kubali tarehe ya kipaumbele, yaani tarehe ya ombi ambayo dai linanufaika nayo, dai kwa dai, kamwe usiikubali kwa hataza nzima kwa sentensi moja.

Ipo tarehe nyingine inayopita kimyakimya: siku mdaiwa alipoijua hataza. Sentensi "mdaiwa aliifahamu hataza tangu 12 Aprili 2018" huonekana kama historia tu, lakini ujuzi huo ni msingi wa hoja ya ukiukaji wa makusudi. Tangu Halo v. Pulse mwaka 2016 jaji ana uhuru mpana wa kuongeza fidia kwa ukiukaji wa namna hiyo, na kifungu cha 284 cha sheria ya hataza kinaruhusu hadi mara tatu. Kama kilichotokea ni kwamba barua ilipokelewa, andika kwamba barua ilipokelewa, tarehe gani, na nani aliipokea. Usivuke hapo.

Kiwango cha ujuzi wa mtu wa kawaida wa fani, kwa upande mwingine, ni jambo ambalo pande nyingi hulibishia bure. Mtaalamu mmoja anasema shahada ya kwanza ya uhandisi na uzoefu wa miaka 2, mwingine anasema miaka 4. Waulize wote wawili: je, maoni yenu yangebadilika mkitumia kiwango cha mwenzenu? Wakijibu hapana, chagueni kimoja na muendelee.

Hatua ya 6: Punguza idadi ya bidhaa

Mdaiwa akiwa na modeli 40, hakuna baraza litakalosikiliza maelezo ya zote. Kubalianeni juu ya bidhaa wakilishi. Hati itaje A-20 inawakilisha modeli zipi kwa majina, na kwa vipengele vipi zinafanana. La lazima zaidi, iseme kwamba matokeo yanafunga pande zote mbili: A-20 ikionekana inakiuka, zote katika kundi zinakiuka, na ikionekana haikiuki, zote zimesalimika. Nimeona rasimu zinazosema nusu ya kwanza tu. Mdaiwa akisaini rasimu kama hiyo amejifunga peke yake.

Hatua ya 7: Kwenye fedha, tenga ukweli wa namba na ruhusa ya kuionyesha

Idadi ya pampu zilizouzwa na mapato yake kwa kila robo ya mwaka hutoka kwenye vitabu vya mdaiwa mwenyewe, na kuyabishia ni kupoteza muda. Yakubalini, mkianzia si zaidi ya miaka 6 kabla ya kufunguliwa kwa shauri, kwa sababu kifungu cha 286 hakiruhusu fidia ya nyuma ya hapo. Kama mwenye hataza naye anauza bidhaa yenye uvumbuzi huo, angalieni kifungu cha 287: asipoiwekea bidhaa alama ya hataza, fidia huanza kuhesabiwa pale tu alipotoa taarifa. Tarehe ya kuanza kuweka alama inastahili sentensi yake.

Lakini kukubali kwamba namba ni ya kweli hakulazimishi kukubali kwamba baraza liione. Katika Uniloc v. Microsoft mwaka 2011, Federal Circuit ilikemea kutajwa mbele ya baraza kwa mapato ya jumla ya dola bilioni 19, kwa kuwa namba kubwa kiasi hicho hupotosha makadirio ya fidia hata pale mwenye hataza asipodai sehemu yake moja kwa moja. Hakuna aliyedai kuwa namba hiyo ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo gawanya sehemu ya fedha mara mbili: sentensi zinazosomwa mbele ya baraza, na sentensi zinazokubaliwa kwa ajili ya hesabu za wataalamu tu, huku kila upande ukihifadhi pingamizi lake. Na ongeza mstari unaosema kwamba kukubali mapato si kukubali kwamba mrabaha, yaani malipo ya kutumia uvumbuzi, ukokotolewe kutokana na mapato hayo yote.

Hatua ya 8: Jadilianeni kwa rasimu, si kwa barua

Aliyeandika rasimu ya kwanza ndiye anayeamua mjadala utakuwa juu ya nini. Itume mapema, mara baada ya ukusanyaji wa ushahidi kufungwa. Chini ya Kanuni ya 26(a)(3) ya Kanuni za Shirikisho za Mwenendo wa Mashauri ya Madai, pande hubadilishana majina ya mashahidi na orodha ya vielelezo angalau siku 30 kabla ya shauri kusikilizwa, na pingamizi hufuata ndani ya siku 14, isipokuwa jaji akiamuru vingine. Orodha ya mambo yaliyokubaliwa ikiwa tayari kabla ya hapo, mashahidi kadhaa hawatahitaji hata kutajwa. Kubalianeni kwa maandishi kwamba rasimu hazimfungi mtu na hazitatumika kama ushahidi hadi hati ya mwisho isainiwe.

Upande wa pili ukikataa sentensi, omba waandike yao. Kukataa ni rahisi, kuandika mbadala kunamlazimisha mtu aonyeshe anachokiogopa. Mara nyingi ni neno moja tu.

Ukiona ugomvi ni wa ukaidi mtupu, Kanuni ya 36 inakuruhusu kumtaka mwenzako akiri au akanushe kwa maandishi ndani ya siku 30. Akinyamaza, jambo linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Akikanusha bila sababu nzuri na wewe ukalithibitisha, Kanuni ya 37 inaweza kumbebesha gharama ulizotumia. Ila maombi hayo hutumwa kabla muda wa kukusanya ushahidi haujafungwa, kwa hiyo yafikirie mapema.

Hatua ya 9: Tafsiri ya jaji ikikuangusha, kubali hukumu kwa maelezo kamili

Pengine jaji anatafsiri "valvu inayojifunga yenyewe" kwa namna ambayo A-20 haiwezi kuingia ndani yake. Mwenye hataza haoni sababu ya kuendelea, anataka rufani. Pande hukubali hukumu ya kutokuwepo ukiukaji ili jambo liende Federal Circuit. Njia hii ni halali na inaokoa fedha nyingi, lakini imewaponyoka watu wakubwa. Katika Jang v. Boston Scientific mwaka 2008, mahakama hiyo iliirudisha hukumu ya makubaliano kwa mahakama ya chini kwa sababu haikueleza tafsiri zinazobishaniwa zinahusiana vipi na bidhaa zenyewe. Mwaka 2023, katika AlterWAN v. Amazon, hati yenye utata ilisababisha hukumu nyingine irudishwe.

Basi hati ya namna hii iandikwe hivi: taja kila tafsiri inayokatiwa rufani, eleza kwa kila moja ni sehemu gani ya bidhaa inayokosekana, na useme kama tafsiri moja pekee inatosha kuondoa ukiukaji au zinahitajika zote. Useme pia nini kitatokea tafsiri ikipinduliwa: je, mdaiwa atakuwa amekiri ukiukaji, au shauri linarudi kusikilizwa?

Hatua ya 10: Iingize kwenye amri ya mwisho, na panga jinsi itakavyosomwa

Hati ikisainiwa, iwekeni ndani ya amri ya mwisho inayotolewa kabla ya shauri kusikilizwa. Kanuni ya 16(e) inasema amri hiyo hubadilishwa tu ili kuzuia dhuluma iliyo wazi, kwa hiyo isomeni kwa sauti, pande zote mbili mkiwepo, kabla ya kuipeleka. Makosa ya namba na tarehe husikika kuliko yanavyoonekana.

Amueni nani ataisoma mbele ya baraza, lini, na dakika zake zitakatwa kwa nani. Ushauri wangu ni kuomba jaji aisome mwenyewe, kwa vipande, kila kipande kabla ya shahidi anayehusika. Sentensi 60 zikisomwa kwa mfululizo asubuhi ya kwanza hazitakumbukwa na mtu. Ombeni pia katika maelekezo ya mwisho jaji aliambie baraza kwamba mambo haya yachukuliwe kuwa yamethibitishwa, na kwamba mzigo wa kuthibitisha yaliyobaki haujahama. Mdaiwa anayedai hataza ni batili bado anatakiwa kuleta ushahidi ulio wazi na wa kuridhisha, kama Mahakama ya Juu ilivyothibitisha katika Microsoft v. i4i mwaka 2011, hata kama mwenye hataza amekubali kila tarehe ya kila makala.

Mwisho wa hati uwe na aya inayosema inatumika wapi. Je, ni kwa shauri hili tu? Likirudiwa baada ya rufani, bado inafunga? Inaweza kutumiwa katika ofisi ya hataza ambako uhalali wa hataza hiyohiyo unapingwa, au katika shauri dhidi ya mshindani mwingine? Aya hiyo ijadiliwe kabla ya saini, maana baada ya hukumu kila upande utakuwa na jibu lake.